Siku Tata Alipojifunika Blanketi

Amplifaya iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole, na mbao za zamani, na kitu kingine kama nywele zilizopitiwa na moto. Jumapili iliyopita harufu hiyo ilinifuata jikoni nikisonga ugali, nikajua Moraa amekigusa chombo cha marehemu mzee wangu.

Moraa ni binti wa kifungua mimba wangu. Amemaliza chuo mjini Kisii, akaja kwangu hapa Itumbe na kompyuta yake ya mezani: kioo peke yake, sanduku peke yake, na nyaya nyingi kama utumbo wa mbuzi. Kompyuta kubwa hivyo, sauti yake ya mbu. Basi akasema ataiunganisha na amplifaya ya babu yake, ili mimi na wifi yangu Bosibori tusikie kwaya bila kuinamia kioo kama kuku wanaokunywa maji. Bosibori ni mjane wa kaka yangu. Alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Nyamache, na masikio yake siku hizi ni ya kuazima.

Moraa alikuwa na waya wenye kichwa kimoja upande huu na vichwa viwili upande ule, kimoja chekundu na kimoja cheupe. Kile kimoja akakisukuma mgongoni mwa kompyuta, kwenye tundu la kijani. Vile viwili akavichomeka nyuma ya amplifaya. Akapandisha sauti, na nyumba ikalia nguuu, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Vikombe vikatetemeka kabatini.

"Pole, Magokoro," akasema, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. "Nimeweka kwa tundu la santuri."

Akahamisha vichwa. Nyuki wakapungua lakini hawakwisha. Akaichomoa kompyuta ukutani, akaichomeka pamoja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na nyuki wote wakafa. Niliona fahari, sitaficha. Mimi niliishia darasa la nne, na mjukuu wangu anaua nyuki kwa vidole.

Likabaki tatizo moja. Tundu la amplifaya limelegea kwa uzee, kichwa chekundu kinacheza ndani yake, sauti inakuja na kuondoka. Moraa akaenda kutafuta selotepu. Aliporudi, Bosibori alikuwa ameinuka kwenye kiti, amekishika kile kichwa chekundu kwa vidole viwili, na kwaya ikawa inaimba vizuri kabisa. Ila alikuwa ametugeuzia mgongo. Uso wake ulikuwa ukutani, karibu uguse rangi, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

"Keti, Magokoro, nitaifunga na selotepu," Moraa akamwambia. Bosibori hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliyeketi ni mimi. Mgongo ule niliwahi kuuona umesimama hivyo hivyo, nikiwa mtoto ambaye hajaota meno yote ya pili. Tangu siku ile sijamsimulia mtu. Nawasimulia ninyi.

Nyumbani kwetu Nyamache kulikuwa na nyumba mbili zilizotazamana, na katikati uwanja ambako kuku waligombania wimbi la kuanikwa. Moja ilikuwa ya wazazi wangu. Ya pili alijengewa kaka yangu Mogaka alipomwoa Bosibori. Tata, yaani baba yetu, ndiye aliyekata miti ya nyumba ile, akakanyaga udongo wake, akapigilia mabati yake. Lakini siku Bosibori alipoingia ndani kama mke, Tata hakuikanyaga tena. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe, wala hamtazami akiwa amejilaza. Tunaiita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Ukiivunja wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa, na jina lako linabaki midomoni mwa watu hata nyama ya mbuzi ikishasahaulika.

Mogaka alifanya kazi gereji huko Nairobi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa sauti. Likizo moja alikuja na amplifaya juu ya lori la ndizi, ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe. Ilikula betri ya gari, maana stima kwetu hatukuijua. Tata aliiona ikipita uwanjani, akaambiwa ni nini, akasema kijana mwenye akili angenunua ng'ombe. Tangu siku hiyo ikawa inaitwa ng'ombe wa mbao. Bosibori akitoka sokoni na betri iliyochajiwa, ameibeba kichwani juu ya ngata, asidi imemtoboa leso, Tata angemuuliza Mama kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Ng'ombe wa mbao ameletewa majani?"

Hata kuimba kwa Mogaka hakukumpendeza. Mdomo haulimi, alikuwa akisema. Safari ya mwisho Mogaka aliondoka kurudi kazini Tata hajatoka kumpa mkono. Mama alimsindikiza mpaka barabarani peke yake, akarudi akakata kuni zilizokuwa zimekwisha kukatwa.

Kisha tawi la mkaratusi likamwangukia Tata mgongoni. Walimbeba kwa mlango uliong'olewa, wakamlaza chumbani kwake, na hakuinuka tena. Kumgeuza tu kulimtoa jasho. Baadaye kifua nacho kikajaa, akawa anapumua kama mtu anayevuta maji kwa kamba ndefu. Na bado hakutaka Mogaka aambiwe. "Aache kazi aje kutazama mzee akilala?" Mama alimtii kwa mdomo, kisha akampa dereva wa lori la ndizi ujumbe kwa siri.

Dereva yule aliporudi alileta ujumbe mwingine, na ulikuwa umepishana na wa kwetu, kwa maana hakuwa amempata Mogaka mwenyewe bali jirani yake, akamwachia wa kwetu na kupewa wa Mogaka. Kwaya ya Mogaka ilikuwa imerekodiwa. Ingeimba redioni Jumapili, baada ya taarifa ya habari ya saa kumi, na Mogaka ndiye angeongoza.

Mama alimwambia Tata akimlisha uji. Tata alimeza, akatazama paa.

"Nataka nimsikie," akasema.

Kwa Tata hayo yalikuwa maneno mengi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimenya njugu, nikaona mkono wa Mama umesimama hewani na kijiko.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Redio ya Tata ilikuwa imekufa. Betri zake, zile tulizoziita mawe, zilimwaga maji ndani zikala kila kitu, ila spika yake ilikuwa nzima. Redio ya Bosibori kinyume chake: ndani nzima, spika imetafunwa na panya. Ndiyo maana Mogaka alikuwa ameiunganisha na amplifaya na spika ndogo, ambayo sauti yake haikuvuka uwanja. Redio nyingine ya karibu ilikuwa ya mwenye duka, naye mtu yule hakukuazima hata kiberiti.

Utauliza, si mngembeba ng'ombe wa mbao tu mpaka chumbani kwa Tata? Mama alilisema. Tata alikataa kabla hajamaliza. Vitu vya mwanamume asiyekuwepo havitolewi nyumbani mwake, vinatolewa akishazikwa. Kijana yuko mbali, njia zina magari, ninyi mnataka kumfanyia hivyo? Mama akajishika mdomo.

Ni Bosibori aliyepata njia. Alikuwa msichana mwembamba, bado hajazaa, anayesema kwa sauti ya chini na kutembea akipitia ukingoni mwa uwanja ili asikutane na Tata. Lakini mumewe alipokuwa likizo alikaa naye usiku mzima akimshikia taa, na macho yake hayakuwa ya kupamba uso. Alisema redio na amplifaya zibaki kwake. Kitakachovuka ni waya. Nyaya mbili, kutoka nyuma ya amplifaya, zipite juu ya uwanja, ziingie dirishani kwa Tata, zishike skrubu mbili za spika ya redio yake iliyokufa.

Nyaya zenyewe tulizitoa kwenye ua wa ng'ombe. Tulisimamisha miti uwanjani, tukazifunga kwa kamba kavu za migomba, moja huku, moja huku, kwa sababu zilikuwa uchi na zikigusana sauti inakufa. Chumbani kwa Tata niliingia mimi. Bosibori alisimama nje, kando ya dirisha, mgongo ukutani, akinielekeza bila kuchungulia.

"Kerubo. Umeiona skrubu?"

"Nimeiona, mke wa kaka."

"Zungushia waya. Kaza."

"Haikazi."

"Kaza kama unaichukia."

Nikakaza. Alikwenda kwake akawasha, na mara ile redio iliyokufa ikakohoa, ikasema bei ya mahindi kwa sauti nene ya mwanamume aliyeshiba. Tata alishtuka akajaribu kuinua kichwa. Mimi nilicheka. Ilikuwa asubuhi, jua lilikuwa kali, tukajiona tumemaliza.

Mama alikuwa na msemo wake: mvua haina mkwe. Inaingia popote, haibishi hodi. Na mvua ya kwetu mnaijua, ikishapita saa nane inaanza kukunja uso kule juu ya vilima. Siku ile ilikuja na upepo. Migomba ilipigana makofi, mabati yakaanza kunguruma, na nyaya zetu zikawa zinabembea kama kamba ya kurukia. Kila zikigusana, redio ya Tata ilinyamaza. Zikiachana, ilisema neno moja. Tulisikia habari ya saa kumi hivyo, vipande vipande, waziri, kimya, barabara, kimya.

Mama alitoka mbio na mwiko wa ugali. Akasimama katikati ya uwanja, akauchomeka mwiko baina ya nyaya mbili na kuzishikilia zisikutane. Mvua ilimpiga mpaka nguo ikawa ngozi. Hangeweza kutoka pale hata nyumba ikiungua.

Sauti ikarudi. Mtangazaji alikuwa akiitaja kwaya. Upepo ukavuta mara moja, kwa nguvu, na nyaya zote mbili zikachomoka kwenye skrubu zikaniangukia miguuni.

Nilizidaka. Nikabandika moja, nyingine ikaruka. Waya wa ua ni mgumu, una kichwa chake. Vidole vyangu vilikuwa vidogo na vyenye jasho, na nilikuwa nimeambiwa ng'ombe wa mbao anaweza kuuma, kwa hiyo kila ilipotoa cheche ya sauti niliachia. Kitandani Tata alikuwa amenyoosha shingo, macho ameyaondoa kwangu ameyapeleka kwenye redio. Hakunikemea, nikaogopa zaidi. Kutoka nyumba ya pili, kupitia mvua, nilisikia Bosibori akikimbia uwanjani. Akafika dirishani.

"Kaza, Kerubo."

"Haishiki."

"Zishike zote mbili kwa mkono, usiogope, haziumi."

"Siwezi, mke wa kaka. Mwite Mama."

"Mama hawezi kuachia. Wameanza. Kwaya imeanza, Kerubo."

Nikaanza kulia. Nilijua wimbo unapita. Redio si mtu umwambie rudia. Nje ya ukuta ule wa udongo alisimama mtu aliyeweza kuzishika nyaya zile, na hatua za kufika ndani zilikuwa chache kuliko za kwenda kisimani kuchota, na hakuna aliyeweza kumwambia ingia. Mama hangeweza kusema. Mimi nilikuwa mtoto. Na Tata ndiye mwenye chumba.

Hapo ndipo Tata alipofanya jambo lile. Alinitazama. Kisha, taratibu, alilishika blanketi lake la kijivu, akalivuta juu ya kifua, juu ya kidevu, juu ya uso, mpaka likamfunika kichwa chote. Akatulia.

Mimi nilikuwa nimewaona waliofunikwa hivyo. Kwetu mtu hai hajifuniki uso mchana. Anayefunikwa ni yule ambaye wenzake wamekwisha kumfumba macho. Nikajua Tata amekufa, amejifunika mwenyewe kwa sababu hakuona mtu wa kumfunika, na kosa ni langu kwa kuwa vidole vyangu havikukaza.

"Amejifunika," nikamwambia Bosibori dirishani.

"Nani?"

"Tata. Kichwa chote."

Nje nilisikia mvua tu. Kisha mlango ukalia. Bosibori akaingia akiwa ameshusha leso mpaka kwenye nyusi, anatembea ubavu ubavu, bega likikwaruza ukuta, macho kwenye udongo. Hakukitazama kitanda. Alinyoosha mkono nyuma yangu, akazitwaa nyaya, akazibana kwenye skrubu kwa vidole vyake, moja mkono huu, moja mkono huu. Akageuza uso ukutani akasimama.

Na Mogaka akaingia chumbani.

Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa nimemsikia akiimba kanisani, akiimba akikamua ng'ombe, lakini sauti ile ilikuwa imefunguliwa kama mlango wa ghala. Ilianza chini, peke yake, wenzake wakaingia nyuma yake taratibu. Kitanda kilikuwa kikitetemeka, nami pia. Nilitazama blanketi nione kama linapanda na kushuka. Lilikuwa zito na giza la mvua lilikuwa chumbani, sikuona kitu. Nilitaka kupiga kelele kwamba tunamwimbia maiti. Bosibori hakugeuka. Maji yalimtiririka mgongoni yakafanya dimbwi miguuni pake. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kubana, damu ilimtoka kimoja mahali waya ulipochoma, na hakukiondoa hata wimbo ulipokwenda mpaka mwisho, hata mtangazaji alipoyataja majina, hata lilipotajwa la mumewe.

Ndipo akaziachia. Akatoka alivyoingia, ubavu ubavu, bega kwenye ukuta. Mlango ukalia.

Nilibaki na kitanda. Sikuthubutu kukisogelea. Mvua ilianza kupungua, ikasikika sauti ya Mama akiuliza jambo uwanjani.

"Ameenda?" blanketi likauliza.

Nilijikojolea. Nasema wazi, mimi ni mzee sasa, sina wa kumficha.

"Ameenda, Tata."

Akalishusha. Uso wake ulikuwa umelowa kuliko wa Bosibori aliyenyeshewa. Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine.

"Yule ng'ombe wa mbao," akasema. "Leo ametoa maziwa."

Asubuhi yake Mama alikuwa akimfuta kifua na kitambaa cha moto. Tata akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mbuzi, "Jana waya ulishikwa na nani?"

"Na msumari," Mama akajibu.

"Hapana, Tata, hakukuwa na msumari, ilikuwa ni..." Sikumaliza. Mama alinifinya paja mpaka leo nikilikumbuka linawasha.

Tata alitazama paa. "Msumari mzuri," akasema. "Upelekewe maziwa ya kibuyu. Kibuyu kile kikubwa."

Nikakibeba mimi. Bosibori alikipokea kwa mikono miwili, kidole kimoja kimefungwa kitambaa, akapiga magoti kuelekea nyumba ya Tata ijapokuwa mlango wake ulikuwa umefungwa.

Mogaka alipata ujumbe akasafiri. Alifika Tata amekwisha kufa na kaburi limekwisha kuchimbwa. Usiku wa matanga alikaa mbele ya moto, hakula, na swali lake lilikuwa moja. "Alinisikia?" Wanaume walitazama chini, maana hakuna aliyekuwepo. Mama alimtazama Bosibori. Bosibori alikuwa akipanga vikombe, hakuinua macho.

"Alikusikia," akasema. "Wote. Mpaka mwisho."

Hakuna mtu aliyemuuliza amejuaje. Hakuna mzee aliyetaja mbuzi.

Kwa miaka mingi niliamini Tata alijifunika kwa uchungu, au kwamba alijaribu kufa akashindwa. Nikaolewa huku Itumbe. Siku moja baba mkwe wangu alianguka chumbani kwake, watu wote wako shambani wanachuma chai, nikamsikia akiugua. Nilikimbia mpaka mlangoni nikasimama. Aliona kivuli changu. "Usiingie," akasema, amelala pale sakafuni na mguu umevunjika. Nilisimama nikilia mpaka mtoto wa jirani akapita. Ni pale mlangoni nilipomwelewa Tata. Mtu mkali kuliko wote tuliowajua, aliyeogopa hata kutoa kitu nyumbani mwa mwanawe kwa kuchelea kumwita mauti, alijilaza kama maiti kwa mkono wake mwenyewe. Maiti haoni. Na asipoona, hakuna mke wa mwana aliyeingia, hakuna haya, hakuna mbuzi. Alilibeba yeye lile baya ili Bosibori abaki safi, na hakusema neno, kwa sababu angesema lingekuwa limefanyika.

Mimi nilimhesabia machozi yake kuwa ni ya wimbo. Labda nusu.

Basi Jumapili iliyopita Moraa alisimama katikati ya sebule yangu na selotepu mkononi, ameshakata kipande kwa meno. "Lakini Magokoro, mbona anatazama ukuta? Hapa si ni sisi tu?"

Nilimnyang'anya selotepu nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Mwache ashike," nikamwambia.

Bosibori alishika mpaka kwaya ilipomaliza. Kisha, kabla hajaachia, akaniuliza kwa sauti ya chini, uso bado uko ukutani, "Amesikia?"

Nikamjibu kwamba amesikia.